Mbuzi wa Azazeli Arudi Makadara

Mbuzi aliyebebeshwa dhambi za kanisa letu lote alirudi nyumbani jioni ile ile, kabla ya adhana ya magharibi. Aliingia uani bila hodi, akaanza kula maganda ya viazi. Mimi nilikuwa kwenye karai. Nilipokiona kile kitambaa chekundu shingoni mwake nilicheka mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi, na mume wangu Odera akaja kuninyang'anya upawa akidhani nimepatwa na jambo.

Lakini hebu nianzie mwanzo, maana mtu akiisikia hadithi hii katikati atadhani sisi watu wa kanisa la Tononoka ni wendawazimu. Si wendawazimu sisi. Tuna mchungaji kijana, basi.

Mchungaji Jared ni mtu mzuri, amesoma, na ana ugonjwa mmoja tu: hapendi kuhubiri kwa maneno matupu. Akihubiri Nuhu, anataka maji. Akihubiri Samsoni, wenye kukaa karibu na nguzo wanahama. Mwaka huu, Pasaka ilipokaribia, akasema Wakristo wa siku hizi hawaelewi maana ya Kristo kutufia kwa sababu hawajawahi kuona dhambi ikibebwa. Akatusomea Mambo ya Walawi, ile sura ya mbuzi wawili. Mmoja anachinjwa. Wa pili kuhani anamwekea mikono kichwani, anaungama juu yake maovu ya watu wote, halafu anapelekwa jangwani akapotee nayo huko. Huyo ndiye mbuzi wa Azazeli.

"Ijumaa Kuu tutaliona kwa macho," akasema. "Na Jumapili nitawaeleza kwa nini leo hatumhitaji mbuzi."

Watu wakaitika amina. Juu ya yule wa kuchinjwa hapakuwa na mwenye swali hata mmoja. Kamati ya kumpika iliundwa papo hapo, na waliojitolea wakazidi sufuria. Na kama ilivyo ada ya mji huu, ikakubaliwa aitwe jirani Mwislamu amchinje, ili majirani wote wale bila wasiwasi. Swali lilikuwa juu ya wa pili. Nani atakuwa kuhani? Hapo akasimama Mzee Benard Kyalo, mzee wa kanisa, koti limefungwa vifungo vyote na jua lile, akasema yeye yuko tayari.

Sasa huyu Kyalo nimweleze vizuri, na nitajaribu kumweleza bila kutukana.

Kyalo alikuwa msimamizi wa zamu kwenye yadi moja ya makontena kule Shimanzi, na Odera wangu aliendesha foklifti chini yake. Yadini maneno hayasikiki kwa kelele za mitambo, kwa hiyo sheria ni mkono. Msimamizi akinyanyua mkono, dereva ananyanyua mzigo. Asiponyanyua, hakuna anayenyanyua, hata awe mwenye yadi. Siku hiyo ulikuwa mzigo wa vigae. Odera alishuka akamwambia Kyalo uso kwa uso kwamba mkanda umelegea. Kyalo alikuwa na haraka zake, lori linangoja. Akamrudisha kitini, akanyanyua mkono. Odera akanyanyua mzigo. Vigae vikaporomoka, vikamvunja mguu kuli mmoja, Tsuma, aliyekuwa amewapa mgongo wala hakuona kitu.

Wakubwa walipokuja kuuliza, Kyalo akasema mkono wake ulikuwa mfukoni.

Mfukoni! Mtu mzima, na Biblia ndani ya mkoba. Odera akasimamishwa kazi, na kikao cha kumhukumu kikapangwa Jumanne baada ya Pasaka. Akionekana ana hatia anafukuzwa, na habari za bandari zinavyokimbia, hakuna yadi itakayompa tena mtambo maishani mwake. Shahidi ni mmoja tu duniani, na shahidi huyo ndiye aliyejitolea kuwa kuhani wetu.

Kodi ya nyumba ya Tononoka ilitushinda. Tukahamia chumba cha uani kwa Bi Khursheed, huku Makadara. Ni mama wa Kihindi, mjane, anauza achari na mabuyu kwenye meza yake kando ya barabara, na nyumbani anafuga mbuzi. Mimi nikaanza kukaanga viazi karai mlangoni. Odera akawa wa kumenya. Mwanamume aliyezoea kunyanyua tani kwa vidole alikaa kwenye kigoda na kisu cha jikoni, anamenya, halalamiki. Kutolalamika kwake ndiko kulikonitia wazimu. Mimi nililalamika kwa niaba ya wote wawili. Na miezi yote hiyo hakuna mzee wa kanisa aliyekuja kutujulia hali, ndiyo maana Kyalo hakujua hata tumehamia wapi.

Basi akatumwa kununua mbuzi, na miguu yake ikampeleka wapi? Kwa Bi Khursheed, mezani kwake, kwenye achari. Akanunua wawili, ndugu kwa ndugu. Bi Khursheed alinisimulia baadaye, kichwa kikimtikisika. "Nilimwambia, mwanangu, huyu mwenye baka usoni anaitwa Nawabu. Mbuzi wangu wana adabu. Wanazunguka mji mzima asubuhi, jioni wako nyumbani. Akacheka, akasema hii ni biashara, mama, unasifia mali yako."

Hapo ndipo pana kosa lenyewe, na ni kosa la mtu wa bara kabisa. Kyalo ni mtu wa Mwingi. Kwao mbuzi ana mchungaji, na mbuzi asiye na mchungaji ni chakula cha fisi. Hakujua kwamba mbuzi wa mjini hapa hachungwi na mtu. Anafunguliwa mlango baada ya chai, anakwenda zake sokoni, anakula maboksi na maganda, anavuka barabara kwa hekima kuliko sisi, na jua likipunga anarudi kwao. Miaka yote aliyokaa Mombasa Kyalo amewaona mbuzi hao barabarani, na amini usiamini, alidhani wamepotea.

Ijumaa Kuu ikafika. Kura zikapigwa uwanjani kwa kanisa, na ndugu yake Nawabu akaenda zake kwa jirani mwenye kisu, kisha kwenye friji ya Mama Mwende wa kamati ya mapishi kungoja Jumapili. Nawabu akafungwa kitambaa chekundu. Mchungaji akasema kila mwenye lake amwambie mbuzi sikioni, kimya kimya, halafu kuhani atafunga kwa kumwekea mikono.

Weee! Foleni ile! Watu ambao ukiwaomba wasimame kushuhudia wanaangalia viatu, leo wanasukumana wamfikie mbuzi. Mama Mwende alikaa sikioni mpaka walio nyuma wakaanza kukohoa. Nawabu alitulia. Wengine walimpa mkate, akala, akasikiliza. Mimi sikupanga foleni. Dhambi yangu naijua, ilikuwa imesimama pale mbele imevaa koti, na kila usiku nililala nikimwombea apoteze kila kitu. Hilo nisingempa mbuzi, nilikuwa bado nalitumia.

Mwisho akaja Kyalo. Akapiga magoti, akamwekea Nawabu mikono kichwani, ule wa mfukoni na mwenzake, akanong'ona muda mrefu. Machozi yakamtoka. Watu wakasema, "Tazama mzee anavyovunjika mbele za Bwana." Alipoinuka alikuwa mwepesi, kabisa, kama mtu aliyetoka kuoga. Akapita karibu yangu, akanipa mkono wa salamu ya Pasaka! Nikaupokea. Sijui kwa nini niliupokea, mpaka leo najilaumu.

Jangwa hatuna kisiwani, kwa hiyo Mchungaji alichagua Kibarani, kule kwenye lililokuwa jaa la taka. Angekuwa amepachagua zamani, wakati wa moshi na kunguru, ningemwelewa. Siku hizi pamefunikwa, pamepandwa nyasi. Kanisa zima likamsindikiza Nawabu kwa miguu, kwa nyimbo na ngoma, barabara kuu yote, polepole, tukimwonyesha kila kona. Mbuzi mwenye akili zake angetaka nini zaidi? Tukafika, Kyalo akamfungua kamba, akampiga kofi la mgongo, akasema, "Nenda nazo!" Tukapiga vigelegele, tukapanda tuktuk tukarudi. Nawabu akala nyasi akashiba. Halafu akarudi kwao.

Bi Khursheed alipomkuta uani jioni, akashika kiuno. "Astaghfirullah. Mumemtia nini huyu mnyama? Ananuka mafuta ya nywele."

"Dhambi, Bi Khursheed," nikamwambia. "Za kanisa zima."

"Lo! Na mumemleta kwangu?"

"Hatukumleta. Amekuja mwenyewe. Kwani si umemuuza?"

"Mimi nimemuuza," akasema, "lakini yeye hajui." Akamwagia maji, akampa maganda.

Mama Mwende ndiye aliyetangulia kuona. Alikuja kununua viazi, akamwona Nawabu amelala kando ya beseni akicheua, akatimua mbio hata viazi hakuchukua. Jumamosi asubuhi kanisa lote linajua. Sijawahi kuuza viazi kama siku ile. Walikuja mmoja mmoja, wanaagiza, wanachungulia uani. Mmoja akaniinamia akauliza kwa sauti ya chini, "Anasema?"

"Nani?"

"Mbuzi."

"Bado," nikamjibu, nikamwongezea ukwaju.

Nilicheka, nakiri. Lakini ndani nilikuwa naungua. Watu wote hawa wanahangaika na mbuzi, na Jumanne inakuja, na mwenye jambo lake hata hajatokea.

Akatokea alasiri. Mama Mwende alikuwa amemwambia mbuzi karudi kwa mwenyewe, yule mama wa achari. Kwamba na sisi tupo hapo hakumwambia, sijui alisahau au alitaka kuona. Nikasikia, "Hodi wenyewe," nikaijua sauti. Nikajibu karibu, kwa adabu zote.

Akaingia na kamba mkononi. Na picha aliyoikuta ni hii: Odera kwenye kigoda, kisu mkononi, viazi mapajani, na Nawabu, na kitambaa chake chekundu, amelaza kidevu juu ya kiatu cha Odera. Kyalo alisimama pale mlangoni mdomo wazi. Mji mzima huu, nyumba zote hizi, na alichomwambia mbuzi akapotee nacho, mbuzi kakileta moja kwa moja kwa mwenyewe.

Odera akainuka nusu. "Karibu mzee. Beryl, mpe mzee kiti."

"Sikai," Kyalo akasema. "Nimekuja kumchukua mbuzi tu. Nampeleka Mariakani, kuna lori. Watu wana wasiwasi."

"Mchukue," nikasema.

Akamfunga kamba, akavuta. Nawabu akakita miguu. Akavuta tena, koti likampanda mabegani, jasho likamtiririka. Bi Khursheed akatoka chumbani kutazama nani anamnyonga mbuzi. Hapo nikashindwa kujizuia.

"Mzee Kyalo, ulimwambia nini huyo mbuzi?"

"Dada Beryl, hayo ni kati yangu na Mungu."

"Kati yako na Mungu, na mbuzi. Odera umemruka?"

"Nimeshatubu!" akapaza sauti. "Kristo amezibeba zangu zote msalabani. Neno linasema hivyo. Au wewe unaona damu yake haitoshi?"

Jamani, hapo alinikamata. Maana jibu la kanisani sikuwa nalo. Mimi naamini damu ile inatosha. Ninaimba hivyo kila Jumapili na ninamaanisha. "Inatosha," nikasema. "Inatosha mpaka kwako. Lakini Jumanne hawatamwita Kristo pale yadini, watamwita Odera. Wewe ulishapata wa kukubebea tangu siku ya vigae, Mzee Kyalo, kabla hata ya Pasaka. Huyu hapa, anamenya viazi! Mbuzi wa pili ulimtafutia nini?"

Bi Khursheed akajifunika mdomo kwa mtandio.

Odera akasema, "Beryl, basi." Halafu akamgeukia Kyalo, taratibu vile vile anavyofanya kila kitu. "Mzee, mimi nilikusamehe zamani. Si kwa sababu ya Pasaka. Nilichoka tu kukuchukia, na mke wangu anaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi. Jumanne nitasema ulinyanyua mkono, kwa kuwa ulinyanyua. Hawataniamini. Hilo nimeshalikubali. Wewe nenda na amani."

Nilitaka kumpiga na upawa. Msamaha wa bure, na kiti juu! Nikajua yamekwisha: Kyalo atauchukua msamaha huo autie mfukoni pamoja na mkono, atalala usingizi mtamu, na Jumanne ataapa tena. Lakini nilipomtazama, wepesi wa jana haukuwapo. Angetukanwa angejua la kufanya. Akaifungua kamba shingoni mwa Nawabu, akaikunja vibaya, akaikunjua, akaikunja tena. Akaondoka. Mbuzi akamwacha pale pale uani.

Jumapili Mchungaji Jared alihubiri kwa shida. Angesema vipi kwamba dhambi zimekwenda mbali, na waumini nusu wamezinunulia viazi jana yake? Maskini, akajitahidi. Akasema ndiyo maana mbuzi hawakutosha, walirudiwa kila mwaka, mpaka akaja Mmoja asiyehitaji kurudiwa. Nadhani ndiyo mahubiri yake bora kabisa, maana mara hii hakuwa na kitu mkononi. Pilau ililiwa. Kyalo alikaa kiti cha mbele kama kawaida, hakuimba, na pilau hakugusa.

Jumanne Odera alivaa shati lake jeupe, akaenda. Mimi nikabaki na karai. Niliunguza viazi, nikatia chumvi mara mbili, nikamkaripia mteja. Adhuhuri akarudi, akakaa kwenye kigoda, hakushika kisu.

"Wamekufukuza."

"Hapana."

"Sasa?"

"Amesema."

"Nani? Amesema nini?"

"Kyalo. Yote. Mkanda, haraka zake, mkono. Mimi hata zamu yangu ya kusema haijafika, akasimama." Odera akafuta uso kwa kiganja. "Wakamuuliza, mbona miezi yote hukusema, leo kuna nini? Unajua amejibu nini?"

"Nini?"

"Amesema, 'Mbuzi alirudi.' Hivyo tu. Wakubwa wakatazamana. Wakamuuliza mara ya pili, akawajibu vile vile."

Nililia mimi, sitadanganya. Nililia na kucheka, na Bi Khursheed akaja kulia na sisi bila kujua habari, kwa ujirani mwema.

Odera alirudi kwenye foklifti. Kyalo akafukuzwa. Na kanisa? Baraza la wazee likaketi upesi kuliko lilivyowahi kuketi, likamvua uzee kwa kulitia kanisa aibu. Miezi yote aliyosema uongo alikuwa mzee wetu, anatugawia meza ya Bwana. Aliposema kweli ndipo wakaona hafai. Walisema ni kwa ajili ya kulinda ushuhuda. Wote waliopiga kura, niliwaona kwenye foleni ya Nawabu.

Kwa hiyo kila nililomwombea Kyalo nililipata. Kazi hana, cheo hana, watu wanamkwepa njiani. Nikaitafuta ile furaha niliyoiwekea nafasi, sikuiona, na hilo nalo likanikasirisha.

Asubuhi moja, Odera yuko kazini, nikasikia, "Hodi." Alikuwa bila koti. Akasimama pale pale aliposimama na kamba.

"Odera hayupo," nikasema.

"Najua. Nimekuja kwako, Dada Beryl. Yeye alinisamehe. Wewe hukunisamehe, na una haki. Nimekuja kukuomba."

Maneno yote niliyokuwa nimeyalalia kwa miezi yalikuwa pale mdomoni, na mengine mazuri sana. Nikamtazama. Viatu vimejaa vumbi, ametembea. Nawabu akainuka penye kivuli, akamwendea, akamnusa mifuko, akitafuta mkate.

Nikausogeza mguu wangu, nikamsukumia kigoda cha Odera, beseni na kisu.

"Menya," nikasema. "Na maganda yawe membamba."

Akakaa. Hajui kumenya mtu yule, nusu ya kiazi inakwenda na ganda, na Nawabu miguuni pake anakula na kushukuru. Sikumwambia nimekusamehe, maana sikuwa na uhakika kama ni kweli, na nilikuwa nimechoka na watu wanaosema kabla ya kumaanisha. Lakini nilipoepua karai la kwanza, kabla ya mteja yeyote, nilimpakulia yeye, nikamtilia na ukwaju.